Uasherati, ufisadi au utovu wa maadili? Jibu kwa katibu wa kikundi cha wauza dagaa

Swali

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaokausha na kuuza dagaa katika mwalo mmoja, yaani pwani wanapotia nanga wavuvi, wilayani Ilemela, kando ya Ziwa Victoria. Katiba yetu iliandikwa kwanza kwa Kiingereza na mtu aliyetusaidia wakati wa usajili, na humo mna kifungu kinachosema mwanachama ataondolewa kwa 'immorality'. Sisi tukaandika 'uasherati'. Sasa tumekwama. Mweka hazina amejikopesha fedha za kikundi bila kikao kujua, na wanaomtetea wanasema huo si uasherati, kwa hiyo kifungu hakimhusu. Wakati huohuo yupo mwenzetu, mjane, anayesemwa kwamba ana uhusiano na mvuvi mmoja anayempimia dagaa kabla ya wengine, na baadhi yetu wanataka aondolewe kwa kifungu hichohicho. Neno hili maana yake hasa ni nini, na je, tulitafsiri sawa?"

Jibu

Marahaba, dada Katibu. Umeuliza la lugha, lakini ndani yake mna la haki, na nitayajibu yote mawili kwa sababu hapa hayatenganiki.

La lugha kwa kifupi ni kwamba hamkupotea kabisa, ila mlichukua kipande kimoja cha neno mkaacha kipande kikubwa zaidi. Neno la Kiingereza mlilolikuta lina asili ya Kilatini, mores, yaani desturi na mwenendo wa watu, na maana yake pana ni mwenendo wowote unaokwenda kinyume na yale ambayo jamii au dhamiri inayahesabu kuwa mema. Kwa maana hiyo pana, mwizi anaingia, mwongo anaingia, mwajiri anayekata mishahara ya vibarua anaingia, na mweka hazina anayechota fedha za wenzake bila ruhusa anaingia akiwa wa mbele kabisa. Hata hivyo, neno hilohilo limekuwa na matumizi ya pili, finyu, yanayohusu mambo ya ngono peke yake, na matumizi hayo ndiyo yaliyoshika nguvu makanisani, shuleni na katika kanuni za taasisi nyingi. Anayesema kwa Kiingereza kwamba fulani alifukuzwa seminari kwa sababu hiyo hahitaji kuongeza neno, msikilizaji ataelewa kwamba kulikuwa na mwanamke au mwanamume katika habari hiyo.

Wanasheria nao wamelitumia kwa upana usio na mpaka. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 23, inasema makubaliano hayatakuwa halali endapo mahakama itayaona kuwa yanakwenda kinyume na maadili au na masilahi ya umma. Kifungu hicho kina uzao wa Kiingereza uliopitia India, na huko Uingereza mfano unaofundishwa hadi leo ni kesi ya mwaka 1866 ya watengenezaji wa magari ya farasi waliomkodisha gari lao mwanamke aliyekuwa akifanya biashara ya ukahaba, wakijua kazi atakayolitumia, kisha mahakama ikakataa kumlazimisha alipe. Tazama jinsi neno lenye uwezo wa kubeba dhuluma zote za dunia lilivyopata umaarufu wake mahakamani kupitia gari la kahaba. Mtu aliyewaandikia katiba huenda alinakili tu sentensi iliyozoeleka, na sentensi hiyo ilikuja na historia hiyo yote mgongoni.

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili hakina neno moja linaloshika maana pana na maana finyu kwa pamoja kama lilivyo hilo la Kiingereza. Tuna ukoo mzima wa maneno, na kila moja lina kazi yake.

Zinaa ni tendo la kujamiiana nje ya ndoa, na limetoka katika Kiarabu likiwa na maana iliyokwisha kupimwa na wanazuoni wa Kiislamu. Kwao zinaa humhusu aliye katika ndoa na asiye katika ndoa, ingawa hukumu zao hutofautiana, na hawaruhusu ithibitishwe kwa tetesi: sheria hiyo hudai mashahidi wanne walioona kwa macho, na anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zake bila mashahidi hao huhesabiwa kuwa yeye ndiye mkosaji. Nakuomba ulikumbuke hilo tutakapofika kwa mjane wenu. Uzinzi umetokana na mzizi uleule, lakini kwa Wakristo wengi umeelekea kuwa kosa la mtu mwenye ndoa, au la anayeingilia ndoa ya mwingine. Uasherati nao hutajwa kama tabia zaidi ya tendo moja, yaani kupenda anasa za mwili na kuzifuata bila kujizuia. Asherati ni mtu mwenye mwenendo huo, na ndiyo maana kumwita mtu hivyo kwa jambo lililotokea mara moja huwa ni kumpachika tabia ambayo huenda hana.

Wapo wanaosema mipaka ya maneno haya iko wazi katika Biblia. Iko wazi mahali fulani na mahali pengine haiko. Katika tafsiri ya mwaka 1952 inayotumika sana makanisani mwetu, Mathayo 15:19 inataja uzinzi na uasherati sambamba, kama makosa mawili. Lakini ukifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho utakuta sura ya 5 inasema kwamba kwenu kuna zinaa na inaagiza watu wasichangamane na wazinzi, kisha sura ya 6 inasema waasherati hawataurithi ufalme wa Mungu na kuwataja wazinzi kando, ilhali wazinzi wa sura ya 5 na waasherati wa sura ya 6 ni neno moja katika Kigiriki. Watafsiri walikuwa watu makini. Walichokuwa wanafanya ni kuchagua neno kulingana na sentensi, kwa sababu Kiswahili kiliwapa maneno yanayopakana na kuingiliana. Kwa hiyo yeyote atakayesimama katika kikao chenu na kudai kwamba uasherati una maana moja tu isiyobishaniwa, mwombeni afungue kurasa hizo mbili.

Mahakamani kuna neno jingine ambalo wengi hulisikia siku ya kesi tu, nalo ni ugoni. Ugoni ni kosa la mwenye ndoa kulala na asiye mwenzi wake, na huyo aliyelala naye ndiye mgoni wa mume au mke aliyekosewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inauhesabu ugoni kuwa mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na inamruhusu mume au mke kumdai fidia mgoni wake. Si jinai Tanzania Bara. Polisi hawamfungi mtu kwa ugoni, ingawa fumanizi huleta polisi mara nyingi kwa sababu ya vipigo vinavyoandamana nalo. Mitaani wanasema kuchepuka na mchepuko, maneno laini yanayofanya jambo zito lionekane kama mtu aliyepita njia ya mkato. Ufuska, ukware, umalaya na uhuni sitakawia nayo hapa, maana hayo ni maneno ya kulaumu tu na hakuna katiba inayopaswa kuyabeba.

Neno ninalotaka mlitazame kwa makini ni ufisadi, kwa sababu safari yake inafundisha kuliko yote. Asili yake ni Kiarabu, fasad, kuharibika na kuoza, na Kiswahili kina kitenzi chake, kufisidi, yaani kuharibu. Katika Wagalatia 5:19, tafsiri hiyohiyo ya 1952, matendo ya mwili yanaanza kutajwa hivi: "uasherati, uchafu, ufisadi". Hapo ufisadi ni ulegevu wa tamaa za mwili usio na haya. Bibi zetu walilifahamu neno hilo kwa maana hiyo. Fisadi alikuwa mwanamume anayeharibu mabinti za watu. Leo mwambie kijana wa Nyakato au wa Buhongwa kwamba fulani ni fisadi, na wazo la mwanamke halitamjia kabisa. Atafikiria akaunti za benki, mikataba ya serikali na viongozi. Mabadiliko hayo yalishika kasi wakati wa mijadala ya miaka ya 2007 na 2008, wakati wa fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zilizochotwa Benki Kuu na sakata la mkataba wa umeme wa Richmond lililoishia kwa Waziri Mkuu kujiuzulu Februari 2008. Neno la kitandani likahamia ofisini, na watu walilihamisha wenyewe, bila chombo chochote kuwaagiza, kwa kuwa walihitaji jina zito la kumpa mtu anayeharibu mali ya wengi.

Ninalipenda tukio hilo katika lugha yetu. Wananchi walikataa kwamba uovu wa kweli ni wa mwilini tu. Walichukua mojawapo ya maneno makali kabisa ya kulaani tamaa wakalielekeza kwa tamaa ya fedha za umma. Ndiyo maana, dada Katibu, inasikitisha kuona kikundi cha akina mama wanaotunza akiba yao kwa shida kikiwa na kifungu kinachomkamata mjane na kumwachia mweka hazina.

Kuna jambo jingine katika lugha linalowasaidia. Neno tunalolitumia kwa upana ni maadili, na kinyume chake huitwa ukosefu wa maadili au utovu wa maadili. Maadili yamezaliwa na adili, na adili ni neno la Kiarabu la haki, kutenda sawa kati ya mtu na mtu. Kutoka hapohapo tumepata uadilifu na mwadilifu. Mwadilifu kwa Kiswahili ni mtu unayeweza kumwachia ufunguo wa sanduku. Hata dola yetu imelitumia hivyo: ibara ya 132 ya Katiba inaunda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na kazi yake kubwa ni kupokea matamko ya mali na madeni ya viongozi, na kuchunguza wanaotumia vyeo vyao kujinufaisha. Kwa hiyo, kama mngetafsiri kifungu chenu kwa upana, neno lililopaswa kukaa pale ni utovu wa maadili, na mweka hazina angekuwa ndani yake bila ubishi wowote.

Lakini siwashauri mliweke. Hapa ndipo la haki linapoingia, na nitalikalia kidogo.

Neno pana katika kanuni ya kuadhibu humwangukia asiye na sauti. Tumeliona hili katika shule zetu kwa miaka mingi. Kanuni za Elimu za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi zilitaja kosa dhidi ya maadili kuwa mojawapo ya sababu za kumwondoa mwanafunzi shuleni. Hazikutaja mimba kwa neno hilo. Walimu wakuu na bodi za shule wakasoma mimba ndani yake, na kwa karibu miongo miwili binti aliyepata ujauzito alifungasha begi lake akaondoka, wakati mwanamume aliyempa mimba, ambaye mara nyingi alikuwa mtu mzima mwenye kipato chake, aliendelea na shughuli zake mpaka upande wa familia ulipochoka kufuatilia kesi. Ilibidi tufike Novemba 2021 ndipo serikali ikatoa utaratibu wa kuwaruhusu mabinti hao warudi madarasani. Fikiria ni mabinti wangapi wa Ukerewe, Sengerema na Magu waliopimwa kwa neno ambalo hakuna aliyewahi kuwaeleza maana yake.

Kanuni ya Adhabu nayo, sheria tuliyoirithi kwa wakoloni, inaweka kubaka katika sura ya makosa dhidi ya maadili, pamoja na mambo ya madanguro na ukahaba. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilizidisha adhabu na kupanua tafsiri ya kubaka, lakini ilikuta sura hiyo imekaa na kichwa chake, na kichwa hicho kinamfanya msomaji adhani kwamba aliyeumizwa ni heshima ya jamii, wakati aliyeumizwa ni mtu mwenye jina, mwenye mwili na mwenye maumivu.

Sasa tuje mwaloni, maana kifungu chenu kitatumika huko. Wewe unajua kuliko mimi jinsi alfajiri inavyokuwa mitumbwi ya dagaa inaporudi. Siku za giza taa zinawaka ziwani usiku kucha na samaki wanapatikana; mbalamwezi ikishika, mitumbwi inakaa pwani siku kadhaa, na usiku wa kwanza baada ya hapo kila mwanamke mwenye ndoo anakuwa amesimama majini hadi magotini kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Dagaa ni wachache, ndoo ni nyingi. Tajiri mwenye mtumbwi yuko nyumbani amelala. Anayeamua ndoo ya nani ijazwe kwanza ni kijana aliyeko ndani ya mtumbwi. Mama atakayepata ndoo yake mapema atawahi kuanika kwenye chanja jua likiwa changa, na dagaa wake watakuwa wakavu na weupe ifikapo jioni. Atakayepata mwisho ataanika saa za mchana, na mvua ikinyesha ameula wa chuya. Kijana yule, kwa dakika zile chache, ana mamlaka juu ya chakula cha watoto wa mtu mwingine.

Katika mazingira hayo kuna wanaodai malipo ambayo hayamo katika bei. Wenzetu wa upande wa Kenya, kuanzia Homa Bay hadi Siaya, wana jina la Kiluo kwa utaratibu huo, jaboya, na umeandikwa na watafiti wengi wa afya kwa sababu ya mchango wake katika kueneza virusi vya UKIMWI katika jamii za wavuvi. Upande wetu jambo lipo pia, hata kama watu hulisema kwa kuficha midomo. Ukiliita jambo hilo uasherati, umeliweka begani mwa wote wawili kwa uzito sawa, na kwa kuwa mvuvi si mwanachama wa kikundi chenu, adhabu itaangukia upande mmoja tu. Mwanamke ataondolewa. Kijana atabaki ndani ya mtumbwi akisubiri ndoo inayofuata.

Sheria yetu ina jina sahihi zaidi kwa sehemu ya jambo hili. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamfanya mkosaji mtu mwenye madaraka anayetumia mamlaka yake kudai au kulazimisha ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Tunaita rushwa ya ngono. Zingatia jinsi jina hilo linavyobadilisha mambo: linauliza kwanza nani mwenye mamlaka, kisha linauliza alidai nini. Kifungu hicho kimewalenga wenye madaraka, na sitakuambia kwamba kila kijana wa mtumbwini anaingia humo. Lakini kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, au ofisa anayetumia kibali chake kudai mwili wa mwanamke anaingia, na wenzenu wanapaswa kujua hivyo. Na pale ambapo hakuna cheo wala kibali, swali lilelile linaweza kuulizwa na kikao: je, huyu mama alidaiwa, au alichagua?

Kwa mjane wenu kuna uwezekano mwingi, na tetesi haziwezi kuutofautisha. Huenda ni mapenzi ya watu wawili wasio na ndoa, na huyo bwana anampa mpenzi wake ndoo ya kwanza kama vile ambavyo mume angempa mkewe. Huenda kuna undugu wa mbali msioujua. Huenda analipa bei ya juu kimyakimya. Na huenda analazimika, na kila asubuhi anakwenda pale akiwa na aibu ambayo hana wa kumwambia, maana anajua mkisikia mtamfukuza. Katika uwezekano huo wa mwisho, kifungu chenu kinamlinda anayemdhulumu, kwa kuwa kinamfunga mdomo. Ibara ya 16 ya Katiba ya nchi inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na sioni maslahi ya kikundi yanayowapa ninyi kibali cha kuingia chumbani mwa mjane. Mnaruhusiwa kuulizana kuhusu ndoo. Kama kikundi kimekubaliana kununua dagaa kwa pamoja na kugawana kwa zamu, na yeye anakwepa zamu, basi kosa lake ni kukwepa zamu, na lingekuwa kosa lilelile kama anayempimia ni kaka yake wa tumbo moja.

Wapo watakaokwambia kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali ya kweli kuhusu samaki. Katika vikao mara nyingi huwa ni njia ya kumwondoa mtu bila kuthibitisha kama ameoza.

Mweka hazina ni habari tofauti kabisa, na hapa nasema bila kusita: alichokifanya, kama ni kweli, ni uvunjaji wa maadili wa wazi kuliko chochote kinachosemwa juu ya mjane. Fedha zile ni jasho la wengi. Lakini hata yeye msimkamate kwa kulivuta neno uasherati mpaka limfikie. Kwa Kiswahili cha leo halimfikii, na mkilazimisha, atakata rufaa kwa mkutano mkuu na atakuwa na hoja. Someni katiba yenu vizuri. Karibu kila katiba ya kikundi cha akiba ina vifungu vinavyoeleza kazi za mweka hazina, watia saini wa benki, na utaratibu wa mikopo. Amevunja vifungu hivyo, na hivyo ndivyo vya kumshitakia. Mwiteni kwa barua, mtajieni kiasi na tarehe, mpeni nafasi ya kujieleza na kuonesha vitabu, kisha kikao kiamue. Haki ya kusikilizwa imo katika ibara ya 13(6) ya Katiba, pamoja na kanuni ya kutomhesabu mtu kuwa mkosaji kabla ya kuthibitika, na ile inayokataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya mahakama na vyombo vya dola, lakini kikundi kinachozifuata hakigombani na wanachama wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii inamfaa mweka hazina na mjane kwa pamoja. Kumbukeni pia kwamba, mkizifuata kanuni hizo, ile ya tendo ambalo halikuwa kosa inawazuia kutunga kifungu kipya wiki hii na kukitumia kwa jambo la mwezi uliopita.

Kuhusu kifungu chenyewe, ushauri wangu ni kukifuta na kuyataja matendo. Waajiri wamelazimika kujifunza hivyo: kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007 zinataka kanuni inayovunjwa iwe ya haki, iwe wazi isiyo na utata, iwe inajulikana na mfanyakazi, na itumike kwa watu wote bila ubaguzi. Orodha yake ya makosa mazito inataja vitu kama udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, uzembe mkubwa na kushambulia watu. Kila kimoja ni tendo ambalo shahidi anaweza kusimama akalieleza. Ninyi mnaweza kuandika namna hii:

"Mwanachama anaweza kuondolewa na mkutano mkuu, baada ya kupewa maelezo ya tuhuma kwa maandishi na kusikilizwa, endapo itathibitika kwamba ametumia fedha au mali ya kikundi bila idhini ya kikao; au amedanganya katika hesabu, vipimo au majina ya wakopaji; au ametumia nafasi yake ya uongozi kudai fedha, ngono au upendeleo kwa mwanachama au kwa mtu anayeomba huduma ya kikundi; au amempiga, amemtisha au amemdhalilisha mwanachama mwenzake; au ameeneza tuhuma dhidi ya mwanachama nje ya kikao bila kuileta mbele ya kikao."

Sehemu ya mwisho nimeiweka kwa sababu ya mjane, na naomba msiitoe. Halafu ongezeni kifungu kingine kidogo, tofauti na hicho, kinachosema kwamba mwanachama aliyedaiwa ngono na mvuvi, mnunuzi, kiongozi au ofisa ana haki ya kumweleza katibu au mwenyekiti kwa siri, kwamba kikundi kitamsindikiza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa viongozi wa BMU au TAKUKURU kadiri inavyofaa, na kwamba kusema kwake hakutatumiwa kumwondoa. Kama mtaona ni vyema kubaki na sentensi moja ya jumla juu ya mwenendo, iandikeni katika utangulizi wa katiba kama nia ya kikundi, "wanachama watatendeana kwa uadilifu", na msiifungamanishe na adhabu yoyote.

Someni rasimu kwa sauti mbele ya wanachama wote, pamoja na wale wasiosoma, na kila mstari mtu mmoja aulizwe autolee mfano kwa maneno yake mwenyewe. Mstari ambao wawili wanautolea mifano inayopingana uandikwe upya palepale. Baada ya mkutano mkuu kupitisha kwa idadi ambayo katiba yenu ya sasa inaitaka, mpelekeeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata nakala ya muhtasari na mahudhurio yaliyosainiwa, ili marekebisho yaingie kwenye faili la usajili. Na nakala ya Kiswahili iandikwe wazi kwamba ndiyo itakayotawala pale itakapotofautiana na ile ya Kiingereza.